Maji Yakizidi Unga: Jinsi Udongo wa Barabara Unavyochaguliwa na Kushindiliwa

Kiangazi kilichopita, wakazi wa kijiji kinachopakana na chuo chetu waliitisha mkutano na wajenzi wa barabara. Kisima chao kilikuwa kinakaribia kukauka, na kila asubuhi waliliona lori la maji likipita na kumwaga maji barabarani. Mafundi walitoka Kenya, Tanzania na Kongo, na lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Wanakijiji walizungumza Kiganda. Kwa hiyo niliombwa kuwa mkalimani.

Mama mmoja mtu mzima alisimama akasema, "Mwalimu, hebu waulize hawa. Barabara wanaimwagilia kama bustani. Itaota nini?"

Msimamizi alijibu kwamba udongo lazima upate unyevu wa kufaa ndipo ushindiliwe. Nilitafsiri neno kwa neno. Hakuna aliyeelewa, na ukweli ni kwamba hata mimi sikuelewa. Mkutano ulivunjika kwa manung'uniko. Siku zilizofuata nilikwenda kwa wale mafundi na daftari langu, nikawa mwanafunzi. Niliyojifunza huko nayaleta kwenu, walimu wenzangu na wanafunzi.

Barabara ni matabaka

Wengi wetu tukisikia "barabara ya lami" tunadhani nguvu yake imo katika lami. Sivyo. Katika barabara nyingi za eneo letu, lami ni ngozi nyembamba ya kuzuia maji na vumbi. Mzigo hubebwa na matabaka yaliyo chini yake: udongo wa asili uliotayarishwa, kisha msingi wa chini, kisha msingi wa juu. Tairi la lori hukanyaga mahali padogo kwa uzito mkubwa. Kila tabaka hupokea uzito huo na kuutawanya, kama kata inavyoutawanya uzito wa mtungi juu ya kichwa cha mchota maji. Ndiyo maana udongo bora huwekwa juu, karibu na tairi.

Udongo gani unafaa?

Mchanga mtupu haushikamani. Mfinyanzi hushikamana vizuri ukiwa mkavu, lakini mvua ikinyesha huvimba na kuteleza, na jua likiwaka hupasuka. Udongo mweusi wa Karamoja unajulikana sana kwa tabia hiyo. Udongo unaotafutwa zaidi kwetu ni changarawe nyekundu, ambayo mafundi huiita moramu. Wanasayansi huiita lateraiti, jina alilolitoa Francis Buchanan mwaka 1807 huko India kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya tofali.

Ubora wa changarawe hiyo hutokana na mchanganyiko wa ukubwa wa punje. Chukua debe la viazi. Hata likijaa, kati ya viazi mna nafasi. Mimina maharagwe, nafasi zitapungua. Ongeza mchele, zitapungua zaidi. Udongo wenye punje kubwa, za kati na ndogo hujifunga hivyo hivyo. Punje ndogo zikizidi, udongo huanza tabia za mfinyanzi. Ili kugundua hilo, fundi wa maabara huviringisha udongo wenye unyevu juu ya kioo mpaka uwe uzi wa unene wa milimita 3, aone unaanza kukatika ukiwa na maji kiasi gani. Asili ya kipimo hiki ni kazi ya Albert Atterberg wa Sweden mwaka 1911.

Kipimo kingine hupima uwezo wa kubeba mzigo. Kilianzia jimbo la California, na duniani kote huitwa CBR. Udongo hushindiliwa ndani ya chombo cha chuma, hulowekwa majini siku 4, kisha hugandamizwa kwa kijiti cha chuma. Nguvu iliyotumika hulinganishwa na ile ya mawe bora yaliyopondwa, ambayo huhesabiwa kuwa 100. Kwa nini uloweke kwanza? Kwa sababu barabara haipimwi kwa kiangazi, bali kwa masika. Ndugu zetu wa Tanzania, katika mwongozo wao wa mwaka 1999, huzipa changarawe majina kama G25, G45 na G80. Namba hizo ni kiwango cha chini cha CBR kinachotakiwa.

Kwa nini maji?

Hapa ndipo lilipo swali la yule mama. Udongo una vitu vitatu: punje, maji na hewa. Kushindilia ni kuitoa hewa ili punje zikaribiane. Udongo mkavu hukataa, kwani punje zake husuguana na kubaki mbalimbali. Maji kiasi huzilainisha, zikateleza na kupangana. Lakini maji yakizidi, hukaa katika nafasi ambazo punje zingeingia, na maji hayabanwi kwa rola. Utaona udongo unanesa chini ya mtambo kama godoro. Anayesonga posho anaijua siri hii: maji yakizidi unga, mambo yameharibika.

Mhandisi Mmarekani Ralph Proctor ndiye aliyeeleza jambo hili kwa vipimo mwaka 1933. Udongo hutiwa katika chombo cha lita 1 kwa matabaka 3, na kila tabaka hupigwa mara 27 kwa nyundo ya kilo 2.5 inayodondoka milimita 300. Kazi hurudiwa kwa viwango tofauti vya maji mpaka uonekane unyevu unaoleta uzito mkubwa kuliko yote. Kwa barabara za malori, nyundo ya kilo 4.5 na matabaka 5 hutumika.

Tupige hesabu ya mfano. Kilomita 1 ya barabara yenye upana wa mita 6 na tabaka la milimita 150 ni mita za ujazo 900. Ikiwa kila mita ya ujazo ina kilo 2,000 za udongo mkavu wenye unyevu wa asilimia 4, na unaotakiwa ni asilimia 10, basi kila mita ya ujazo inahitaji lita 120. Jumla ni lita 108,000, yaani karibu malori 11 ya lita 10,000, kwa tabaka moja tu! Wanakijiji hawakukosea kushtuka.

Kushindilia

Greda husambaza udongo, maji hunyunyizwa, greda huuchanganya tena, kisha rola hupita. Tabaka moja huwa kama milimita 150. Ukirundika udongo mwingi kwa pamoja, nguvu ya rola huishia juu na chini hubaki mlegevu. Barabara ya zamani iendayo sokoni kwetu iliharibika hivyo: uso wake ulikuwa mgumu, lakini ilipofukuliwa, udongo wa chini ulichoteka kwa mkono. Kwa mfinyanzi hutumika rola yenye meno, iitwayo miguu ya kondoo. Kwa changarawe, rola laini yenye mtetemo.

Mwisho kazi hukaguliwa. Fundi huchimba kishimo, huupima udongo uliotoka, kisha hukijaza kishimo mchanga mkavu ili kujua ujazo wake. Uzito uliopatikana hulinganishwa na ule wa maabara. Msingi wa chini kwa kawaida hutakiwa kufikia angalau asilimia 95.

Kosa langu la ukalimani

Baada ya kuelewa kazi, nililiona kosa langu. Kwa Kiganda nilitumia okufukirira, kitenzi cha kumwagilia mimea, nacho kilithibitisha kile ambacho yule mama alikidhania. Nilipaswa kusema okumansira, yaani kunyunyiza. Aidha, tutenganishe vitenzi hivi tunapofundisha:

Kusawazisha: kuufanya uso uwe tambarare.
Kugandamiza: kusukuma kwa uzito kutoka juu.
Kushindilia: kujaza na kubana mpaka pasibaki nafasi, kama watu wa zamani walivyoshindilia baruti katika gobori.

Barabara inaweza kusawazishwa ikapendeza bila kushindiliwa. Kibarua akiambiwa "sawazisha" badala ya "shindilia", kosa hilo litaonekana mvua zikija.

Katika mkutano wa pili nilieleza kwa mfano wa posho. Wajenzi walikubali kuchota maji mtoni, mbali na kisima. Yule mama alinisikiliza, kisha akasema, "Kumbe mngesema hivyo tangu mwanzo." Alikuwa na haki. Wanafunzi wetu wataitwa kutafsiri katika mashamba, hospitali na karakana za Afrika Mashariki. Tuwafundishe kuuliza kazi inafanywaje kabla ya kuuliza inaitwaje.