Vimeng'enya katika Mnofu wa Samaki

Katika soko la samaki la Bagamoyo, mnunuzi hodari hatosheki na kutazama jicho na matamvua. Hubonyeza pia mnofu kwa kidole. Samaki aliyekufa punde huwa laini. Baadaye hukakamaa mithili ya gogo, kisha hulegea tena. Chanzo cha mabadiliko hayo kimo katika vifungo vya fosfeti.

Seli za samaki, sawa na za binadamu, hutumia adenosini trifosfeti, kwa kifupi ATP, iliyogunduliwa na Karl Lohmann wa Ujerumani mwaka 1929. ATP ina fosfeti 3 zilizofuatana. Vimeng'enya, kwa kutumia maji, huikata fosfeti ya mwisho, na nishati ipatikanayo huendesha misuli. Samaki akiwa hai, ATP huundwa upya daima. Akifa, oksijeni haifiki tena. Uundaji hufifia hata ukakoma, ilhali ukataji huendelea. ATP ikiisha, nyuzi za misuli hushindwa kuachana, na samaki hukakamaa.

Kazi haiishii hapo. Fosfeti 2 zikishaondolewa, na badiliko jingine dogo likifanyika, hubaki inosini monofosfeti, ambayo huchangia utamu wa samaki. Kisha kimeng'enya kingine hukata fosfeti iliyosalia. Utamu hupungua, na hatimaye hutokea haipozanthini, yenye uchungu. Mwaka 1959 wataalamu wa Japani, Saito, Arai na Matsuyoshi, walipendekeza ubichi wa samaki upimwe kwa uwiano wa mabaki hayo.

Yafaa ieleweke kwamba hatua za mwanzo hazisababishwi na bakteria. Hivyo kumwosha samaki hakutoshi. Kwa kawaida kasi ya vimeng'enya hupungua kwa takriban nusu kila halijoto inaposhuka kwa nyuzi 10 za sentigredi. Kutoka nyuzi 30 hadi 0 za barafu, kasi hubaki kama sehemu 1 ya 8. Wakaangaji wa Bagamoyo nao huviharibu vimeng'enya hivyo kwa joto la mafuta. Mvuvi afikaye pwani bila barafu hana muda wa kubishania bei, kwani vimeng'enya havimsubiri mnunuzi atokaye Dar es Salaam.

Wanafunzi waweza kujionea wenyewe. Wachukue vibua 2 wa mvuo mmoja. Mmoja wamweke katika barafu, wa pili kivulini, na kila saa wabonyeze mnofu na kuandika waonacho. Huyo wa kivulini asiliwe kamwe: bakteria huweza kuzalisha ndani yake histamini, sumu isiyoondoka hata kwa kupikwa.