Saratani ya Puru (Sehemu ya Nne): Mfuko wa Tumboni na Wanawake Walioupigania

Habari iliyotoka New York mwezi Aprili 2025 ilizagaa upesi kwenye simu za watu: wagonjwa 49 wa saratani ya puru walipewa dawa iitwayo dostarlimab kwa miezi sita katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, na wote 49 uvimbe ukatoweka bila kisu wala mionzi. Habari ni ya kweli. Kilichodondoka njiani ni sharti lake. Dawa hiyo walipewa wale tu ambao chembe za uvimbe wao zimepoteza uwezo wa kusahihisha makosa ya vinasaba, nao ni kama 5 hadi 10 katika kila wagonjwa 100. Kwa wengi waliobaki njia bado inapitia chumba cha upasuaji, na baadhi yao watatoka humo na mfuko wa kupokea haja tumboni, wa maisha.

Sehemu zilizotangulia zilieleza puru ilipo, hatua za ugonjwa, na kwa nini damu chooni isiitwe bawasiri kabla ya kupimwa. Leo ni zamu ya mfuko wenyewe, kwa kuwa wako wanaokataa kisu kwa kuuogopa huo kuliko wanavyokiogopa kifo. Hofu hiyo ina haki ya kujibiwa, na jibu lake limo katika historia.

Mwaka 1710, mjini Paris, tabibu Alexis Littré alichunguza maiti ya mtoto mchanga aliyezaliwa na njia ya haja iliyoziba. Akapendekeza kwamba utumbo ungeweza kuvutwa hadi kwenye ngozi ya tumbo ukafunguliwa hapo. Miaka mingi ilipita. Mwaka 1776, Pillore wa Rouen alimfungulia tumbo mfanyabiashara wa mvinyo ambaye saratani ilikuwa imemziba puru kabisa. Maskini yule alikuwa amekwisha kunyweshwa zebaki inayokaribia kilo moja, ikidhaniwa kuwa uzito wake ungesukuma kizuizi. Operesheni ilifaulu na haja ikatoka, lakini siku ya 28 alifariki, na zebaki ilikutwa bado tumboni. Kisha mwaka 1793, huko Brest, daktari Duret alimfanyia hivyo mtoto mchanga, naye akaishi hadi miaka 45. Aliishi umri huo wote na tundu la tumboni, katika zama zisizo na plasta wala mfuko, na mtu wa leo anaambiwa na jirani kwamba afadhali afe!

Mfuko wa kudumu, hata hivyo, umetokana na kazi ya Ernest Miles wa London. Miles aliwapasua wagonjwa 57 kwa kupitia chini, akauona ugonjwa ukirudi kwa 54. Badala ya kulaumu bahati, alichunguza maiti za waliofariki na kugundua kuwa saratani hupanda juu kwa kufuata matezi. Mwaka 1908 alitangaza katika jarida la The Lancet operesheni ya kukata kwa juu na kwa chini, ikiondoa puru yote pamoja na misuli inayobana haja. Katika wagonjwa wake wa mwanzo, karibu wanne kati ya kila kumi walikufa. Waliosalia walikuwa na tundu la kudumu upande wa kushoto wa tumbo, na walikuwa na uhai.

Lakini uhai wa namna gani? Vitambaa, vikombe vilivyofungwa kwa mkanda, mipira iliyovuja na kunuka. Hapa ndipo panapostahili kusimuliwa habari za Thora wa Denmark, mwanamke wa miaka 32 aliyeacha kutoka nje kwa hofu ya kuchafuka mbele za watu. Dada yake, Elise Sørensen, alikuwa muuguzi. Mwaka 1954 alibuni mfuko wa plastiki wenye duara la gundi la kushika ngozi, unaotumika na kutupwa. Mwenye kiwanda cha plastiki, Aage Louis-Hansen, hakuvutiwa. Aliyemgeuza moyo ni mkewe Johanne, muuguzi pia, aliyeelewa mara moja. Miaka michache baadaye, huko Cleveland, Marekani, daktari Rupert Turnbull alimwajiri Norma Gill, mgonjwa wake wa zamani aliyekuwa na stoma, yaani tundu la tumboni, awafundishe wengine. Mwaka 1961 wakaanzisha shule ya wauguzi wa kazi hiyo. Madaktari walikuwa na karne mbili za kukata, lakini waliouliza mgonjwa ataendaje sokoni ni wanawake hawa.

Kwa hiyo makala haya hayachoki kudai jambo moja: kabla ya upasuaji, muuguzi amkalishe mgonjwa, amsimamishe, amwinamishe, kisha aweke alama kwa kalamu pale stoma itakapotokea. Pawe mbali na mikunjo, makovu na mahali pa kufungia mkanda, kanga au kikoi, tena mwenyewe aweze kupaona. Alama isipowekwa, mfuko huvuja, ngozi huungua, na mtu hujifungia ndani kama Thora. Mifuko nayo ihesabiwe na bima kuwa ni tiba. Ni aibu ya jamii nzima mgonjwa aliyepasuliwa vizuri kurudi kijijini akijifunga nailoni na kitambaa.

Na Mwislamu mwenye stoma asiache sala. Fiqhi ina hukumu ya mwenye hadathi isiyokatika, kama asiyeweza kuzuia mkojo: hutawadha kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia, akasali.

Mfuko hauui; kuchelewa ndiko kunakoua. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliwaambia Wakenya waziwazi kwamba saratani yake ya utumbo mpana iligunduliwa ikiwa katika hatua ya nne. Alifariki Julai 2019.

Anayesubiri upasuaji amuulize daktari: uvimbe uko sentimita ngapi kutoka mlango wa haja? Zamani zilitakiwa sentimita 5 za utumbo mzima chini yake. Siku hizi 2, wakati mwingine 1, zinatosha, kwa hiyo wengi zaidi huungwa utumbo tena. Je, stoma ni ya muda, ya kulinda kiungo kwa miezi kadhaa, au ya kudumu? Na aulize pia choo kitakuwaje baada ya kuungwa chini sana, kwa maana wapo wanaokwenda msalani mara nyingi mno kwa siku, na kwao mfuko ungekuwa nafuu.

Sehemu ijayo: Angelita Habr-Gama wa São Paulo, aliyechapisha mwaka 2004 matokeo ya wagonjwa ambao uvimbe wao ulitoweka kwa mionzi na dawa, akawafuatilia bila kuwapasua.