Ganeti za Rangi ya Chenza: Kununua kwa Mizani, si kwa Macho

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, kutoka Shangani hadi Hurumzi, hukuta katika madirisha ya maduka visahani vya mawe madogo yaliyokatwa na kung'arishwa: ya buluu, ya kijani, ya zambarau, na baina yake yale yenye rangi ya chenza lililoiva. Hayo ya rangi ya chenza aghalabu huuzwa kwa jina la ganeti. Baadhi yake ni ganeti kweli. Mengine ni sitrini, mengine ni sirkoni, na mengine ni kioo kitupu. Makala haya yanaeleza jinsi mwalimu wa sekondari na wanafunzi wake wanavyoweza kuyatenganisha kwa vyombo ambavyo shule nyingi zinavyo au zinaweza kuvipata bila gharama kubwa.

Kwanza ifahamike kwamba hapana hata moja kati ya vito hivyo lililochimbwa Unguja. Kisiwa hiki, kwa sehemu kubwa, ni chokaa ya matumbawe na mashapo yaliyotulia chini ya bahari, na kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa tumbawe hilohilo. Dondosha juu yake matone ya ndimu nawe utaona povu la hewakaa likitoka. Ganeti haizaliwi katika mwamba wa namna hiyo. Huhitaji joto na mgandamizo mkubwa, kama ule uliokuwapo chini ya milima iliyoinuka mabara ya kale yalipogongana, kiasi cha miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Mizizi ya milima hiyo imebaki katika ukanda wa miamba upitao Msumbiji, mashariki ya Tanzania, Kenya na kuendelea kaskazini, ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji. Mto Umba, uanzao katika milima ya Usambara na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, hupita katikati ya miamba hiyo. Mdomo wa mto huo uko kiasi cha kilomita 170 tu kaskazini ya Mji Mkongwe. Kwa hiyo mnunuzi wa Unguja yuko karibu na machimbo lakini hayaoni. Jiwe humfikia likiwa limekwisha kupita mikono ya mchimbaji, dalali, mkataji na mwenye duka, na kila mkono umeliongezea bei na maneno.

Ganeti si madini ya aina moja bali ni ukoo. Umbo la ndani la fuwele zake linafanana na nyumba zilizojengwa kwa ramani moja, ila wapangaji wanatofautiana. Katika kila nyumba mna vyumba vitatu vinavyokaliwa na kalisi, magnesi, chuma au manganizi. Viwili vinavyokaliwa na alumini, au chuma cha namna nyingine, au kromi. Na vitatu vya silika. Manganizi ikikaa na alumini tunapata spesatini, iliyopewa jina la msitu wa Spessart huko Bavaria, Ujerumani. Magnesi na alumini hutoa piropi. Kalisi na alumini hutoa grosula, ambayo ikichanganyika na chuma kidogo huwa hesoniti, yenye rangi ya asali au mdalasini. Rangi ya chenza, basi, inaweza kutoka katika milango zaidi ya mmoja. Spesatini yenye chuma kidogo sana ndiyo yenye rangi safi; chuma kikizidi, jiwe huelekea wekundu na hatimaye kahawia.

Ni nadra kupata jiwe ambalo vyumba vyake vyote vina mpangaji mmoja. Ukweli huo ndio ulioleta kisa cha ajabu katika bonde la Umba. Katika miaka ya 1960 wachimbaji wa huko walikuwa wakiitafuta rodoliti, ganeti yenye rangi ya waridi na zambarau ambayo soko lake lilikuwa linajulikana. Pamoja nayo walikuwa wakiokota mawe yenye rangi ya chungwa, peachi na kahawia nyekundu. Wanunuzi waliyakataa kwa kuwa hayakulingana na aina yoyote waliyoizoea, na wenye kuyashika wakayapa jina lisilo la heshima: malaya, yaani asiye na nyumba maalumu. Yalipopimwa katika maabara ilionekana kwamba ni mchanganyiko wa piropi na spesatini, pamoja na kiasi kidogo cha watu wengine wa ukoo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 mawe yaleyale yalikuwa yanatafutwa Marekani na Ulaya. Wafanyabiashara wengine walionea haya jina hilo wakaliandika kwa tahajia nyingine, lakini halikufutika, na leo limo katika vitabu vya elimu ya vito duniani kote. Kwa maoni yangu libaki, kwani ni miongoni mwa maneno machache ya Kiswahili yaliyoingia katika elimu hiyo.

Spesatini safi ilipata sifa baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligunduliwa kaskazini magharibi ya Namibia, ikapewa na wauzaji jina la mandarin, ambalo si kingine ila chenza. Nijeria nayo ikatoa mawe yake. Mwaka 2007 mawe ya namna hiyo yalipatikana karibu na Loliondo, kaskazini ya Tanzania, na tangu hapo wauzaji wa hapa wana haki ya kusema kwamba wana chenza la nyumbani. Mzee wa Unguja, hata hivyo, akiambiwa jiwe la rangi ya chungwa kwanza atakumbuka akiki, ipachikwayo katika pete za fedha. Akiki ni silika yenye chembe ndogo mno, nayo huonyesha nuru kama nta ionyeshavyo. Ganeti nzuri ni fuwele moja tu, nayo hupitisha nuru kama maji ya kisima. Hizi mbili hazichanganyiki kwa mtu aliyekwisha kuziona pamoja.

Hatari imo katika mawe yanayopitisha nuru. Hapo jicho ni shahidi dhaifu, tena taa ya duka humpotosha zaidi. Taa yenye mwanga wa manjano ina uhaba wa miale ya buluu, kwa hiyo jiwe la kahawia huonekana la chungwa, na la chungwa huonekana kama kaa la moto. Baadhi ya ganeti za Umba hubadilika hasa, zikawa nyekundu zaidi chini ya taa kuliko nje. Mnunuzi na alitoe jiwe barazani, mahali penye kivuli na anga wazi, na kuliweka juu ya karatasi nyeupe.

Baada ya hapo, lipimwe uzito. Densiti, yaani uzito wa kitu kwa kila sentimita moja ya ujazo, haidanganywi na taa. Ya kioo cha kawaida ni kiasi cha gramu 2.5, ya sitrini ni 2.65, hesoniti 3.65 hivi, malaya karibu na 3.8; spesatini karibu na 4.15, na sirkoni 4.65 hivi. Njia ya kuipima ni ile ya Archimedes, ambayo kila mwanafunzi huikariri, na wachache huipata nafasi ya kuitumia. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani ya elektroniki na kuirudisha kwenye sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba wa nailoni, ulining'inize majini pasipo kugusa chini wala pembeni. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, nayo densiti imepatikana. Tone moja la sabuni katika maji huzuia viputo visigande kwenye jiwe. Kiputo kimoja chatosha kuharibu hesabu yote.

Tuchukue jiwe la gramu moja, ambalo ni karati tano, maana karati ni gramu 0.2. Likiwa kioo litasukuma gramu 0.40 za maji, sitrini 0.38, hesoniti 0.27, malaya 0.26, spesatini 0.24, sirkoni 0.21 au 0.22. Mizani ya shule isomayo hadi gramu 0.01 itatenga kioo na sitrini pasi na shaka yoyote, lakini haiwezi kuamua baina ya hesoniti na malaya. Jiwe likiwa la karati moja tu, tofauti ya ganeti na kioo ni gramu 0.03 hivi, na hapo mizani hiyo huanza kusitasita. Wanafunzi na waulizwe kwa nini, kabla ya kuambiwa. Waulizwe pia kwa nini sitrini ya karati moja ni pana kuliko spesatini ya karati moja iliyokatwa kwa umbo lilelile. Jibu ni kama asilimia 16, na linapatikana kwa kutafuta kipeo cha tatu cha uwiano wa densiti.

Hii ndiyo sababu ninashauri kununua jiwe tupu, lisilopachikwa. Jiwe lililokwisha kuingia katika pete ya sonara haliwezi kupimwa densiti, na mgongo wake, ambao ndio wenye siri, umefichwa na dhahabu.

Miaka michache iliyopita mwalimu mstaafu mmoja aliniletea mawe tisa katika karatasi iliyokunjwa. Aliyanunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake kutoka kwa dalali wa njiani, kwa nia ya kuyauza tena na kulipia masomo ya wajukuu. Tuliyapima moja moja, yeye akiandika, kwa hati nzuri ya ubao. Sita yalikuwa na densiti ya malaya. Moja lilizidi 4.6. Mawili, yaliyokuwa ya rangi safi na yenye kung'aa kuliko yote, yalikuwa 2.5. Akayatazama kwa muda, kisha akasema, "Haya mawili, mwanangu, ndiyo yaliyonifanya niyachukue na mengine." Tulipoyaweka chini ya lenzi tuliona ndani yake viputo vya mviringo, ambavyo ni alama ya kioo kilichoyeyushwa na kumiminwa. Dalali hakuonekana tena. Hata hivyo mzee hakukosa kila kitu, kwani aliondoka na karatasi saba, kila moja ina uzito, densiti na jina, na mwenye duka huzungumza kwa adabu na muuzaji mwenye karatasi kama hizo.

Lile jiwe moja lililozidi 4.6 lilikuwa sirkoni, kito halali cha Afrika Mashariki ila si ganeti. Lenzi yenye kukuza mara kumi hulitambua bila taabu. Sirkoni huigawa nuru katika miale miwili, kwa hiyo ukitazama kupitia uso wa jiwe, kingo zilizochongwa upande wa nyuma huonekana mbilimbili, kama maandishi yasomwayo na mtu mwenye usingizi. Ganeti haigawi nuru, na kila kingo huonekana moja. Jiwe ligeuzwe na kutazamwa kwa pande kadhaa, kwani upo upande mmoja ambao hata sirkoni haionyeshi tofauti.

Kipimo cha nne huwafurahisha wanafunzi kuliko vyote. Ioni ya manganizi iliyomo katika spesatini ina elektroni tano zisizo na wenzi, na kila moja ni kama sumaku ndogo. Weka jiwe juu ya kipande chepesi cha lile boksi jeupe la kupakia televisheni, likielea katika bakuli la maji, kisha sogeza sumaku kali ya neodimi, kama ile inayopatikana ndani ya diski ya kompyuta mbovu. Spesatini na malaya zitaifuata sumaku kama mashua ivutwayo kwa kamba. Hesoniti huvutwa kwa uvivu. Sitrini na sirkoni hukaa zilipo. Hata sumaku lakini isiachiwe hukumu peke yake, maana vioo vingine vilivyotiwa oksidi za metali huvutwa, na yapo mawe ya maabara yenye umbo la ndani la ganeti yaliyotengenezwa kwa gadolini na gali ambayo huvutwa kwa nguvu sana. Mizani huyafichua mara moja, kwani densiti yake ni kiasi cha 7.

Kuhusu matibabu ya mawe, ganeti ina heshima yake. Sitrini nyingi za sokoni ni amethisti iliyochomwa. Yakuti na johari nyingine hupashwa moto au kujazwa nyufa. Ganeti za rangi ya chungwa kwa kawaida huuzwa kama zilivyotoka ardhini, zikiwa zimekatwa tu. Mkataji stadi huongeza thamani kubwa, na ufundi huo unafundishwa nchini, katika Kituo cha Jemolojia cha Arusha. Risiti iandikwe jina la jiwe na uzito wake kwa karati. Neno "kito" peke yake katika risiti halimlindi mtu yeyote.

Lipo swali moja ambalo mizani, lenzi wala sumaku haviwezi kulijibu, nalo ni jiwe limetoka wapi. Spesatini ya Loliondo na ya Namibia zaweza kuwa na rangi moja na densiti moja. Kuzitenganisha kunahitaji kupima elementi zilizomo kwa kiasi kidogo mno, kazi ya maabara yenye leza na vyombo vya bei kubwa. Muuzaji akiongeza bei kwa ajili ya jina la mahali, na aonyeshe hati ya maabara iliyolitaja jina hilo. Asipokuwa nayo, jiwe lilipiwe rangi yake, usafi wake na karati zake.