MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: AFISI INAPOHAMISHA MASANDUKU YA BARUA PEPE KUTOKA KIKOA KIMOJA HADI CHENGINE

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kwamba afisi ya umma inapobadili anwani yake ya barua pepe, jambo hilo halilingani na kubadili kibao cha mlangoni. Wapo wanaodhani kuwa fundi huandika jina jipya, akabonyeza kitufe, na kazi ikaishia hapo. Wapo pia wanaoamini kwamba barua zote za zamani hupotea na hakuna la kufanya. Dhana zote mbili hazina ukweli na zote zina madhara. Ya kwanza huwafanya wakuu wa afisi wasitenge muda wa kutosha kwa kazi hiyo, na ya pili huwafanya watumishi wazembee kuzihifadhi barua ambazo ni mali ya Serikali. Kwa sababu hiyo inafaa jambo hili lielezwe kwa urefu kidogo.

Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili, na katikati yake huwekwa alama ya @. Alama hiyo ilichaguliwa mwaka 1971 na mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alipotuma barua kutoka kompyuta moja kwenda nyengine kupitia mtandao. Kushoto kwa alama ni jina la sanduku, yaani la mtumishi au la idara. Kulia kwake ni kikoa, yaani jina la afisi katika mtandao. Kwa vikoa vya Serikali yetu, herufi za mwisho ni "go.tz", ambapo "go" ni Serikali na "tz" ni Tanzania. Aliyezoea sanduku la posta atafahamu kwa wepesi: namba ya S.L.P. pekee haitoshi, kwani namba iyo hiyo inaweza kuwapo Unguja mjini na ikawapo Chake Chake, na wenye masanduku hayo wakawa watu wawili wasiojuana.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 majina ya kompyuta zote za mtandao yaliandikwa katika faili moja lililotunzwa California. Mtandao ulipokua, faili hilo halikuweza tena kukidhi haja, na mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa daftari lililogawanywa, ambapo kila mwenye kikoa hutunza ukurasa wake mwenyewe. Ndani ya ukurasa huo umo mstari uitwao MX, unaotaja seva ipi inapokea barua za kikoa hicho. Anayetuma barua kutoka Muscat au London haoni lolote kati ya hayo. Seva yake ndiyo inayolifungua daftari, ikausoma mstari wa MX na kuipeleka barua huko. Basi siku mstari huo unapobadilishwa ndiyo siku barua mpya zinapogeuza njia. Barua za zamani hazigeuzwi na mstari huo hata kidogo. Hizo lazima zibebwe.

Sababu za kuhama ni nyingi. Wizara huunganishwa na kutenganishwa, na jina jipya huhitaji kikoa kipya. Baadhi ya afisi zilianza na anwani za bure au vikoa vya kibiashara, na sasa zinatakiwa zitumie kikoa cha Serikali. Nyengine zina seva kuukuu: Microsoft Exchange za mwaka 2016 na 2019, kwa mfano, zilifikia mwisho wa huduma za mtengenezaji Oktoba 14, 2025, na seva isiyopata marekebisho ya usalama ni mlango usio na komeo. Hata nchi nzima huweza kuhama. Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, herufi zake za mtandao zilibadilika kutoka "zr" kuwa "cd", na zile za zamani zikafutwa mwaka 2001. Yaani zilipewa takriban miaka minne ya kuishi pamoja na mpya. Miaka hiyo minne inafaa ikumbukwe na kila afisi inayotaka kuifunga anwani yake ya zamani baada ya miezi mitatu.

KINACHOHAMA NA KISICHOHAMA

Ndani ya sanduku mna barua zilizopokelewa na zilizotumwa, viambatisho, kalenda ya mikutano na daftari la anwani. Vitu hivi hunakiliwa, na kunakili ni suala la muda. Tuseme afisi ina watumishi 200 na kila mmoja ana gigabaiti 5. Jumla ni gigabaiti 1,000. Kwa njia ya mtandao inayopitisha megabiti 20 kwa sekunde, shehena hiyo huchukua zaidi ya siku 4 na nusu, usiku na mchana, bila ya mtu mwengine yeyote kuitumia njia hiyo. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu huanza kunakili siku nyingi kabla, watumishi wakiwa wanaendelea na kazi zao, kisha usiku wa mwisho hubeba zile chache zilizoingia baadaye. Anayepanga kazi nzima ifanyike jioni ya Ijumaa na kumalizika alfajiri ya Jumatatu anajidanganya. Aidha, visiwa vyetu hutegemea nyaya zinazopita chini ya bahari. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na mtandao wa Afrika Mashariki ukadhoofika kwa siku kadhaa. Na umeme nao, wakaazi wa Unguja hawajasahau kiza cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mpango usio na nafasi ya misukosuko ya namna hiyo haujakamilika.

Kisichohama kwa urahisi ni utambulisho. Katika kikoa cha zamani kila mtumishi ana namba yake ya ndani, ambayo yeye haioni. Katika kikoa kipya hupewa namba nyengine. Jina linaweza kubaki lile lile, lakini kwa mashine huyo ni mtu mgeni. Ruhusa zote hufuata namba, si jina. Matokeo yake, karani aliyekuwa akilifungua sanduku la Mkurugenzi kwa idhini yake hukuta mlango umefungwa asubuhi ya kwanza, na kalenda ya pamoja ya idara huwa haina mwenyewe. Zipo njia za kuibeba kumbukumbu ya namba ya zamani pamoja na mtumishi, ila lazima zipangwe kabla ya kuhama.

Lipo jengine linalowasumbua sana watumishi wa afisi zinazotumia Exchange. Barua wanazoandikiana wao kwa wao ndani ya afisi hazisafiri kwa anwani tunayoiona, bali kwa jina refu la ndani ambalo seva hulitumia kumtambua kila mwenye sanduku. Baada ya kuhama, mtu huifungua barua ya mwaka jana ya mwenzake aliye chumba cha pili, hujibu, na jibu humrudia kwa maelezo kwamba mpokeaji hayupo, ilhali mpokeaji amekaa pale pale na anwani yake inaonekana sahihi. Dawa yake ni kuliongeza lile jina refu la zamani katika sanduku jipya kama anwani ya pili. Fundi akikumbuka, ni kazi ndogo inayofanywa kwa watumishi wote kwa pamoja. Akisahau, ni malalamiko ya wiki nzima. Mtumishi naye aifute anwani inayojitokeza yenyewe anapoanza kuandika jina la mwenzake, aiandike upya kwa ukamilifu.

Ama barua ambazo hazimo katika seva, hizo hakuna wa kuzihamisha. Kompyuta nyingi za mezani ziliwekwa zamani kwa utaratibu wa POP, ambao kwa kawaida huzishusha barua katika kompyuta na kuzifuta kule zilikotoka. Mwenye kompyuta ya aina hiyo anaweza kuwa na barua za miaka 15 katika diski moja chakavu chini ya meza, na fundi akiangalia seva ataona sanduku tupu. Ni wajibu wa mtumishi kusema mapema. Vivyo hivyo masanduku ya waliostaafu na waliofariki: yasifutwe kwa sababu tu hakuna anayeyadai. Tunazo Nyaraka pale Kilimani zenye barua za tawala zilizopita, na tunazisoma hadi leo kwa kuwa makarani wa zama hizo hawakuzichoma walipohama jengo.

SIKU YA KUGEUZA NJIA

Seva za dunia nzima hukumbuka kwa muda kile zilichokisoma katika daftari la majina, ili zisilifungue kila mara. Muda huo huwekwa na mwenye kikoa, na mara nyingi ni sekunde 86,400, yaani siku moja kamili. Kabla ya kuhama, fundi huupunguza hadi sekunde 300, tena hufanya hivyo angalau siku moja na zaidi kabla, ili kumbukumbu ndefu za zamani ziishe kwanza. Asipofanya hivyo, siku nzima baada ya kuhama baadhi ya barua zitaendelea kwenda katika nyumba ya zamani.

Je, barua hupotea seva ikifungwa kwa saa chache? La. Seva ya mtumaji hujaribu tena na tena, na kanuni za mtandao zinaitaka isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Hatari ipo pengine. Seva iliyo wazi lakini haijapewa orodha ya watumishi hujibu papo hapo kwamba mtu huyo hayupo, na barua humrudia mtumaji bila ya kujaribiwa tena. Kwa hiyo ni afadhali seva iliyofungwa kuliko iliyo wazi isiyowajua watu wake. Masanduku yaundwe na kuhakikiwa jina kwa jina kabla mstari wa MX haujaguswa. Kadhalika, daftari lina mstari mwengine unaoorodhesha seva zenye idhini ya kutuma kwa jina la kikoa. Mstari huo usipowekwa kwa kikoa kipya, barua halali za Serikali hutupwa kwenye barua taka, na aliyeandikiwa hajui kwamba ameandikiwa.

Wanaoumia zaidi ni walio nje ya afisi. Tuchukue mwalimu mstaafu wa Makunduchi, anayetuma vielelezo vya kiinua mgongo kwa anwani aliyoikuta katika fomu iliyochapishwa miaka mitano nyuma. Barua yake inarudi na maelezo ya Kiingereza, tena Kiingereza cha mashine, au imepokelewa na sanduku lisilofunguliwa na mtu. Yeye ana hakika ametuma. Afisi ina hakika haijapokea. Wote wawili ni wakweli, na mwenye kukaa bila ya fedha ni mmoja. Ni hivyo hivyo kwa mwenye kuleta zabuni siku ya mwisho, na kwa mwanafunzi anayesubiri mkopo wa masomo. Kwa ajili ya watu hawa, anwani ya zamani haina budi iendelee kupokea na kuelekeza barua kwa mpya, na kwa maoni ya mwandishi muda huo usipungue miaka miwili, huku fomu, vibao na matangazo ya shehia yakirekebishwa.

Kikoa chenyewe kisiachwe hata baada ya hapo. Kikoa cha kibiashara kisicholipiwa ada hurudi sokoni, na yeyote anaweza kukinunua. Mnunuzi huyo atazipokea barua zote zinazoendelea kuandikwa kwa anwani za zamani. Ataweza hata kuomba neno jipya la siri katika huduma ambazo afisi ilijiandikisha kwa anwani hizo, na akapewa. Ada ya mwaka ya kikoa ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara hiyo. Nayo herufi moja haidharauliki: mwaka 2023 ilifahamika hadharani kwamba barua nyingi zilizokusudiwa jeshi la Marekani, ambalo kikoa chake huishia na "mil", zilikuwa zikiandikwa "ml" kwa makosa na kuelekea katika kikoa cha nchi ya Mali.

Wakati wa kuhama ndio wakati wa matapeli. Barua inayomtaka mtumishi athibitishe neno lake la siri ili sanduku lake lihamishwe ni ya kitapeli, hata ikiwa na nembo ya Serikali. Fundi wa kweli hahitaji neno la siri la mtu ili alihamishe sanduku lake.

Mwananchi aliyerudishiwa barua asiifute taarifa ya kurudishwa. Aangalie namba iliyomo ndani yake. Ikianza na 4, kizuizi ni cha muda na seva itaendelea kujaribu yenyewe. Ikianza na 5, barua haitafika tena, na 5.1.1 maana yake ni kwamba sanduku hilo halijulikani. Hapo asisubiri. Apige simu au afike afisini akiwa na nakala ya taarifa hiyo, kwa kuwa ina tarehe na saa, na ndiyo ushahidi wake kwamba aliandika kabla ya muda kwisha.