Guniya ya Fundi Ipimwe Kwanza

Askari aliyefunzwa vema haendi kwenye shabaha na bunduki ambayo vilengeo vyake havijasawazishwa, kwani anajua kuwa hata akiwa na jicho la mwewe risasi zake zitapita kando. Kanuni hiyo hiyo yamhusu seremala na guniya yake, chombo cha pembe mraba ambacho mafundi wengi hukiita skwea. Wasomaji wetu wengi makambini hushika msumeno na randa wakati wa mapumziko, na wengine wanatazamia ufundi huo uwape riziki baada ya kustaafu. Kwa ajili yao tumeona yafaa tuieleze habari hii.

Guniya ya kawaida ina mpini wa mbao au chuma, na ubapa wa chuma unaokutana na mpini kwa nyuzi 90. Upya wake si dhamana. Yaweza kutoka dukani ikiwa na kosa, na hata iliyo njema huharibika ikianguka sakafuni. Kwa hiyo mnunuzi na aipime kabla ya kutoa fedha yake.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Twaa ubao ambao ukingo wake mmoja umenyooka kabisa. Egemeza mpini kwenye ukingo huo, uchore mstari kwa ncha ya kisu au penseli kali. Kisha igeuze guniya, mpini uelekee upande wa pili, uchore tena kuanzia alama ile ile. Mistari ikilaliana, guniya ni ya kweli. Ikiachana, nusu ya mwachano ndiyo kosa, maana kugeuza kumeliongeza mara mbili.

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni dogo. Ikiwa ubapa una urefu wa sentimita 20, na mistari imeachana milimita 2 kwenye ncha, kosa ni milimita 1. Lakini katika mlango wenye upana wa sentimita 80, kosa hilo hufika milimita 4. Mlango utakwama kwenye fremu, na mbao zimekwisha katwa.

Guniya kubwa ya chuma kitupu yaweza kurekebishwa. Pembe ikiwa imebana, gonga tindo ya ncha karibu na kona ya ndani, nayo itafunguka kidogo. Ikiwa imepanuka, gonga karibu na kona ya nje. Gonga polepole, na upime kila mara.

Asiye na guniya asikate tamaa. Apime sentimita 30 upande mmoja na 40 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo ukiwa sentimita 50 kamili, pembe ni mraba.

Hatimaye, guniya isitupwe sandukuni pamoja na nyundo. Itundikwe peke yake, na kila ikianguka ipimwe upya kabla ubao mwingine haujakatwa.