Kompyuta ya michezo: Chagua skrini kabla ya vipuri

MTU anayepanga kuunganisha kompyuta ya michezo kwa bajeti maalumu hana budi kuamua kwanza aina ya skrini. Skrini ya 4K ina nukta za picha milioni 8.3, mara nne ya zile za 1080p, hivyo huhitaji kadi ya picha yenye nguvu na ghali zaidi. Kadi hiyo ndiyo inayostahili fungu kubwa la fedha.

Aidha, vipuri sharti viendane. Ubao mama wa soketi ya AM5, iliyoingia sokoni mwaka 2022, haupokei RAM ya DDR4.

Fedha zikipungua, diski ndogo yatosha, kwani nyingine huongezwa baadaye. Pawa saplai isipunguziwe fedha. Ikiwa duni yaweza kuunguza vipuri vingine.