Makerere: Ada Yakopeshwa, Chakula Je?

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Agosti, vijana wapya huupanda mlima wa Makerere mjini Kampala, kila mmoja akiwa na barua ya kukubaliwa katika Chuo Kikuu. Barua hiyo humweleza kozi aliyopewa na ada anayotakiwa kulipa. Haimwelezi atalala wapi wala atakula nini, ila akiwa mmoja wa wale wachache wanaogharimiwa na serikali. Hapo ndipo ulipo mzizi wa matatizo mengi ya wanafunzi wa Uganda, na ni jambo ambalo majirani wa Uganda wana sababu ya kuliangalia kwa makini, kwa kuwa nao wamelikabili kwa namna zao.

Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Baadaye ikawa chuo cha Afrika Mashariki nzima. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1943 hadi 1945 na kupata stashahada ya ualimu, na mwaka huo huo wa 1945 ndipo wanawake wa kwanza, sita kwa idadi, walipopokewa. Benjamin Mkapa naye alipata shahada yake hapo mwaka 1962. Wote hao walilala na kula chuoni. Wakoloni waliuiga mtindo huo kutoka kwao Uingereza, wakiamini kwamba msomi hufunzwa mezani na bwenini kama anavyofunzwa darasani, na kwa kuwa wanafunzi walikuwa wachache gharama hazikuonekana kuwa mzigo.

Mabweni yenyewe yanasimulia historia ya bara hili. Katika mlima huo yako tisa. Ya wanaume ni Livingstone, Lumumba, Mitchell, Nkrumah, Nsibirwa na University Hall. Ya wanawake ni Africa Hall, Mary Stuart na Complex. Nsibirwa, ambalo zamani liliitwa Northcote, lilipewa jina la Katikiro wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aliyepigwa risasi na kuuawa Septemba 1945, mara tu baada ya Lukiiko kupitisha sheria iliyowezesha ardhi kuchukuliwa kwa ajili ya kukipanua chuo. Mwanafunzi aliyelala katika bweni hilo alikilalia kitanda kilicholipiwa kwa damu ya mtu, ingawa ni wachache waliokumbuka habari hizo wakati wa kugombea nafasi katika foleni ya chakula.

Baada ya Uhuru, Serikali ya Uganda iliendelea kulipa kila kitu: ada, chakula, malazi, nauli ya kwenda nyumbani wakati wa likizo, na posho ya matumizi madogo madogo. Posho hiyo wanafunzi waliiita "boom", neno ambalo wasomaji wa Tanzania hawahitaji kufasiriwa, kwa sababu nalo lilivuka mpaka na mpaka leo vijana wa Mlimani, Dar es Salaam, husubiri "bumu" lao kwa hamu ile ile. Mtoto wa mkulima wa Teso au Kigezi aliyefaulu mtihani alikuwa na hakika ya kumaliza masomo bila ya baba yake kuuza ng'ombe hata mmoja.

Mambo yaliharibika kwa hatua. Utawala wa Idi Amin uliuvuruga uchumi, vita na misukosuko iliyofuata ikaumaliza, na shilingi ya Uganda ikapoteza thamani kiasi kwamba posho iliyotolewa leo haikununua kitu kesho. Serikali iliyoingia madarakani Januari 1986 ilikuta hazina tupu. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakatoa ushauri wao uliozoeleka katika miaka hiyo: serikali ipunguze matumizi, na wanafunzi wa vyuo vikuu wachangie gharama. Posho zikaanza kukatwa. Wanafunzi wakagoma, na katika machafuko ya Desemba 1990 polisi walifyatua risasi katika eneo la chuo na wanafunzi wawili wakafa. Maisha hayo mawili hayakuzuia mabadiliko. Mwaka 1992 Makerere ilifungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia, kwanza katika madarasa ya jioni, na kabla miaka kumi haijapita wanafunzi wa namna hiyo walikuwa wengi kuliko wale wa serikali. Katika miaka ya 2000 idadi ya wanafunzi wote ilipita 30,000.

Ni haki kusema kwamba mpango huo ulikiokoa chuo. Fedha za wanafunzi wa kujilipia zilikarabati majengo na kuwaongezea kipato wahadhiri, ambao awali walilazimika kufanya biashara ndogo ndogo ili watoto wao wapate kula. Vijana wengi ambao zamani wangekosa nafasi walipata shahada. Wataalamu wa nchi za nje waliusifu sana. Lakini vyumba vya kulala havikuongezeka kwa kadiri wanafunzi walivyoongezeka, na hakuna aliyeulizwa sawasawa ni nani atakayewalaza na kuwalisha maelfu hao.

Jibu lilitolewa na wafanyabiashara. Chini ya mlima, katika mitaa ya Kikoni, Wandegeya na Nakulabye, zimejengwa hosteli nyingi za watu binafsi, nyingine zikiwa na geti, walinzi na jenereta, nyingine zikiwa vyumba vya kupanga vya kawaida vilivyobadilishwa jina tu. Kodi hulipwa kwa muhula, tena kabla ya kuingia. Mwenye uwezo hukaa peke yake. Asiye na uwezo hushirikiana na wenzake chumba kimoja, au hupanga mbali na kutembea kwa miguu asubuhi na jioni. Kwa msichana anayerudi usiku kutoka maktaba, umbali huo ni hatari ambayo haiandikwi katika hesabu yoyote ya gharama za masomo.

Kuhusu chakula, Wandegeya imekuwa jiko la chuo. Hapo muuza chapati humkunjia mwanafunzi mayai na nyanya ndani ya chapati, chakula kinachoitwa roleksi na ambacho sasa kinajulikana Uganda nzima. Fedha zikipungua mayai huachwa, na chapati hukatwakatwa na kuchanganywa na maharage. Chakula hiki cha pili kimepewa jina la kikomando, kana kwamba anayekila yumo vitani. Ni chakula kinachoshibisha, na wala si cha kudharauliwa. Tatizo ni kwamba kwa baadhi ya vijana ndicho mlo pekee wa siku, na mhadhara wa alasiri haumsubiri mwenye njaa.

Wako wanaosema kwamba wanaogharimiwa na serikali hawana shida hizo. Kila mwaka Serikali ya Uganda imekuwa ikiwalipia wanafunzi wapya wapatao 4,000 katika vyuo vikuu vya umma. Wale wanaolala mabwenini walipikiwa na chuo kwa miaka mingi, mpaka katika miaka ya 2010 utaratibu wa majiko ulipoachwa na wanafunzi wakaanza kupewa fedha taslimu za chakula. Hivyo hata wao wameteremka Wandegeya. Lakini swali kubwa ni jingine: ni nani wanaozipata nafasi hizo? Sehemu kubwa, yapata 3,000, hutolewa kwa kufuata alama za mtihani wa mwisho wa sekondari, na alama za juu zaidi hutoka katika shule zenye walimu wa kutosha na maabara kamili, nyingi zikiwa Kampala na wilaya zinazouzunguka mji huo. Ada za shule hizo si za mkulima. Kwa hiyo hutokea kwamba mtoto wa mwenye duka kubwa, aliyelipiwa fedha nyingi kwa miaka sita ya sekondari, hufika Makerere akasoma bure, wakati mtoto wa kijijini aliyefaulu kwa taa ya kibatari hukosa alama mbili na kuambiwa ajilipie. Serikali iliiona dosari hiyo, na tangu mwaka 2005 kila wilaya imetengewa nafasi zake. Hata kabla ya hapo, tangu mwaka 1990, wasichana wamekuwa wakiongezewa pointi 1.5 wakati wa kuchaguliwa. Hatua hizo zimesaidia, ingawa nafasi za wilaya ni chache mno zikilinganishwa na idadi ya wanaozihitaji.

Anayejilipia huishi kwa kuhesabu wiki. Kanuni ya Makerere imemtaka awe amelipa asilimia 60 ya ada kufikia mwisho wa wiki ya sita ya muhula, na ada yote kufikia mwisho wa wiki ya kumi na mbili. Asiyetimiza hujikuta nje ya chumba cha mtihani hata kama alihudhuria mihadhara yote. Mzazi anayetegemea mavuno ya kahawa au mahindi hapati fedha kwa kufuata wiki za chuo. Matokeo yake ni kwamba kila muhula wako wanafunzi wanaoomba ruhusa ya kusimamisha masomo, warudi nyumbani kutafuta ada. Wenyewe wameupa muda huo jina la mwaka mfu. Baadhi yao hurudi. Wengine hupata kibarua, huoa au huolewa, na kitanda chao hosteli hupata mpangaji mwingine. Ndiyo maana Baraza la Chuo lilipoidhinisha mwaka 2018 kwamba ada za wanafunzi wapya zipande kwa asilimia 15 kila mwaka kwa muda wa miaka mitano, upinzani ulikuwa mkali, na Oktoba 2019 wanajeshi waliingia katika mabweni, likiwemo Lumumba, na kuwapiga wanafunzi.

Jawabu la Serikali kwa wanyonge lilikuwa mkopo. Sheria ya mwaka 2014 iliunda Bodi ya kugharimia wanafunzi wa elimu ya juu, na mikopo ya kwanza ilitolewa katika mwaka wa masomo wa 2014/15, hasa kwa wanaosomea shahada za sayansi na ufundi. Stashahada ziliingizwa baadaye. Mkopo hulipwa moja kwa moja kwa chuo. Hulipia ada ya mafunzo, michango ya chuo kama usajili, maktaba na mitihani, na gharama za utafiti. Mwanafunzi mwenye ulemavu hulipiwa pia vifaa vya kumsaidia, jambo linalostahili sifa. Chakula na malazi havimo. Hivyo vimeachiwa mzazi au mlezi.

Hapa ndipo Uganda ilipotofautiana na jirani zake. Nchini Tanzania, Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, imekuwa ikikopesha fedha za chakula na malazi pamoja na ada, vitabu na mafunzo kwa vitendo. Kenya, kwa kupitia Bodi yake iliyoanzishwa mwaka 1995, nayo imekuwa ikimkopesha mwanafunzi fedha za kujikimu. Nchi zote hizo mbili zina malalamiko yake: fedha huchelewa, wengi wanaostahili hukosa, na wahitimu wengi hukwepa kulipa madeni. Hata hivyo zimekubali kanuni moja, kwamba mwanafunzi ana tumbo.

Hoja ya Uganda si ya kipuuzi. Mfuko ni mdogo, na kila shilingi inayokopeshwa kwa ajili ya sahani ya ugali inapunguza idadi ya wale watakaolipiwa ada. Ni bora, husemwa, kuwalipia ada vijana wawili kuliko kumlipia mmoja ada na chakula. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama wale wawili wangemaliza wote. Lakini mzazi aliyethibitishwa kwamba hana uwezo wa kulipa ada, na kwa sababu hiyo mwanawe akapewa mkopo, anategemewa vipi kulipa hosteli na mlo wa kila siku kwa miaka mitatu au minne? Kijana wake akishindwa katikati ya safari, ada iliyokwisha kulipwa imepotea kwa Bodi, na deni limebaki kwa mtu asiye na shahada ya kumpatia kazi ya kulilipa.

Iko misaada mingine. Wako wafadhili kutoka nchi za nje ambao wamewalipia vijana wenye vipaji kutoka familia maskini gharama zote, chakula na kitanda vikiwemo. Idadi yao ni ndogo. Chuo chenyewe kina hospitali yake, washauri wa wanafunzi, viwanja vya michezo na umoja wa wanafunzi unaoitwa Guild, ambao kwa miaka mingi ndio uliobeba sauti yao mbele ya wakuu wa chuo.

Aliyepewa mkopo hupewa mwaka mmoja baada ya kuhitimu kabla ya kuanza kulipa, na mwajiri wake hutakiwa kukata fedha hizo katika mshahara. Kadiri madeni hayo yanavyorudishwa ndivyo mfuko unavyoweza kutanuka. Kwanza huja maombi ya wale wa sanaa na ualimu ambao kozi zao hazikuorodheshwa. Nyuma yao wamesimama wale waliokwisha kupata ada, wanaoulizia chakula. Ni kundi lipi litakalotangulia, hilo ni shauri la Bunge na Wizara ya Elimu mjini Kampala.